Kalaman ya babu na K-L-M-N ya shuleni

Swali: Shikamoo, Mwalimu. Mwanangu ana miaka tisa, asubuhi yuko shule na alasiri yuko chuoni. Juzi babu yake alikuwa akimsomesha abjadi: abjad, hawwaz, hutti, kalaman. Mtoto akamkatiza, "Babu, hapo umesema k, l, m, n, kama shuleni!" Mimi nikamwambia ni sadfa tu, maana herufi za Kiarabu na za Kizungu hazihusiani, hata mwendo wa kuandika unapishana. Babu akacheka, akasema zote ni za Wafoinike. Je, ni kweli? Hao Wafoinike walikuwa akina nani, na kama waliwapa watu wote herufi, mbona hatuoni kitabu chao hata kimoja? Wenyewe walikwenda wapi? (Mama wa mtoto, Tanga)

Jibu: Marahaba, dada yangu. Mwanao yuko sahihi, na babu yake yuko sahihi kwa sehemu kubwa. Alipopotoka kidogo nitapafikia. Sadfa haipo hapo. K, L, M, N aliyoisikia mtoto katika kalaman ndiyo K, L, M, N ya ubaoni, na zimekaa kwa kufuatana hivyo tangu kabla Roma haijajengwa na kabla Mwarabu wa kwanza hajaandika mstari wake wa kwanza.

Nadhani kilichokupoteza ni mpangilio wa chuoni wa siku hizi. Mtoto anaanza na alifu, bee, tee, thee, jimu. Mpangilio huo umekuja baadaye, ili herufi zenye umbo moja zikae pamoja: bee, tee na thee ni bakuli moja, tofauti ni nukta. Wa zamani ni huu wa babu, ambao leo umebaki hasa kwenye hesabu za herufi: alifu moja, bee mbili, yee kumi, kafu ishirini. Ndiyo hesabu inayotoa ile 786 inayoandikwa juu ya barua na milangoni, jumla ya herufi za Bismillahi Rahmani Rahim. Aliyewahi kushika kitabu cha falaki anaijua vizuri.

Sasa chukua karatasi na mkae nayo wote watatu. Babu asome, mtoto aandike herufi za shuleni chini ya kila anayosoma babu.

Abjad: alifu, bee, jimu, dali. Chini yake A, B, C, D. Jimu na C zitakutatiza. Herufi ya tatu kwa asili iliitwa gimel na sauti yake ilikuwa g. Kwa Waarabu wengi g hiyo ilisogea hadi j. Warumi nao waliipokea kupitia kwa Waetruski, watu wa Italia ambao lugha yao haikuwa na g, hivyo ikatamkwa k, ndiyo C. Hawwaz: hee, wau, zee. Chini yake E, F, G. Hapa babu atauliza zee na G zimekutana wapi. Mahali hapo kwa Warumi palikuwa na Z. Wakaona hawana kazi nayo, wakaitoa, na kiti chake wakampa G, herufi mpya waliyoitengeneza kwa kuchukua C na kuiongezea kijikia. Baadaye, walipoanza kuandika maneno mengi ya Kigiriki, Z ikatakiwa tena, lakini kiti chake kilikuwa kimeshakaliwa. Ikapelekwa nyuma kabisa ya foleni, na huko ndiko mwanao anakoikuta leo.

Hutti: hee ya kooni kama ya Muhammad, twee nzito, yee. Chini yake H, pengo, I. Pengo ni kwa sababu Warumi hawakuhitaji twee. Kalaman haina la kueleza. Sa'fas: sini, aini, fee, swadi. Chini yake pengo, O, P, pengo. Aini kuwa O nitaieleza punde. Fee na P ni kitu kimoja, maana herufi yenyewe ilikuwa p na Kiarabu hakina p. Halafu qarashat: qafu, ree, shini, tee. Chini yake Q, R, S, T.

Hesabuni. Mmefika ishirini na mbili, na hapo ndipo orodha ya asili ilipokwishia. Babu ataendelea na thakhadh, dhadhagh, yaani herufi sita ambazo Kiarabu kilizihitaji na zile ishirini na mbili hazikuwa nazo. Mtoto naye baada ya T ana U, V, W, X, Y, na ile Z iliyorejeshwa, ambazo Wagiriki, Warumi na waliowafuata waliziongeza kwa mahitaji yao. J peke yake ilizaliwa mbavuni mwa I, na hiyo ni ya juzi tu, wakati uchapaji wa vitabu Ulaya tayari umeshaanza. Pande mbili ambazo hazikushauriana, kila moja ilipopata herufi mpya iliiweka mwisho. Huwezi kuchomeka kitu katikati ya kitu ambacho watoto wameshakihifadhi kwa kukiimba.

Hilo la kuimba ndilo nataka ulishike, maana kwangu ndiyo siri ya jambo zima. Mwaka 1928 mkulima mmoja pwani ya Syria aligonga kaburi la kale shambani, na mwaka uliofuata wachimbuaji wakaanza kufukua mji wa Ugarit, uliochomwa na kuachwa magofu mnamo 1185 KK. Waandishi wa Ugarit walichoma alama zenye umbo la kabari kwenye udongo mbichi, kwa hiyo kwa macho herufi zao hazifanani na chochote tulichonacho. Lakini kati ya vibao vilivyopatikana kuna kimoja kidogo, urefu wake kama kidole, ambacho hakina habari yoyote isipokuwa herufi zote thelathini kwa mpangilio. Toa zile chache ambazo Wafoinike hawakuzihitaji, na zilizobaki zinasema a, b, g, d, h, w, z, hadi t. Na wao pia walikuwa na nyongeza tatu, na nyongeza hizo wameziweka, bila shaka umeshakisia, mwishoni. Kwa hiyo zaidi ya miaka 3,200 iliyopita mwanafunzi wa Ugarit alikuwa akihifadhi mfululizo ule ule ambao mwanao ameusikia kwa babu yake jioni ya juzi. Falme zilizokuwapo wakati huo zimekwisha, dini zimekwisha, na lugha ya mji huo haina msemaji. Mfululizo umepita midomoni mwa watoto mpaka umefika Tanga.

Sasa nifike pale babu alipokosea. Wafoinike hawakuzibuni herufi hizi. Walizirithi, wakazipunguza, wakazisafirisha. Mwanzo wake uko jangwani, na sehemu yake kubwa iko Afrika.

Katika rasi ya Sinai kuna mahali panaitwa Serabit el-Khadim, ambapo Wamisri walichimba feruzi. Machimboni walikuwapo pia watu wa Kanaani, wasemaji wa lugha za jamii moja na Kiarabu na Kiebrania. Wakati wa uchimbuaji wa mwaka 1905 Flinders Petrie na mkewe Hilda waliona mawe yenye michoro iliyofanana na hieroglifu za Kimisri lakini isiyosomeka kama Kimisri. Moja ni sanamu ndogo ya simba mwenye kichwa cha mtu, ya jiwe la mchanga, fupi kuliko rula ya mwanafunzi, ambayo leo iko British Museum. Mwaka 1916 Alan Gardiner, mtaalamu wa maandishi ya Kimisri, aligundua kwamba alama nne zilikuwa zikijirudia: nyumba, jicho, fimbo ya kuswagia ng'ombe, na msalaba. Akajiuliza, je, tukilitaja kila jina la picha kwa lugha ya Wakanaani na kushika sauti yake ya kwanza tu? Nyumba ni bet, tunapata b. Jicho ni ayn, tunapata ile sauti ya kooni. Fimbo inatoa l, alama ya msalaba inatoa t. Baalat, maana yake Bibi, Mwenye enzi. Na juu ya sanamu hiyo hiyo kuna maneno ya Kimisri yanayomtaja mungu wa kike Hathor, bibi wa feruzi. Ilikuwa imesomeka.

Fikiri jinsi wazo lenyewe lilivyo jepesi. Ni kama sisi tungechora ng'ombe tuseme hii ni ng', tukachora jicho tuseme hii ni j, maji yawe m. Mwandishi wa Kimisri alisoma miaka mingi na kubeba kichwani mamia ya alama. Wakanaani wale walitazama picha za Wamisri, wakazichukua kwa macho tu, wakaziacha sauti zake za Kimisri, na wakazipa majina ya nyumbani kwao. Mchoro wa maji, mawimbi yanayopanda na kushuka, Wamisri waliusoma n. Wakanaani waliita maji mem, ukawa m. Iandike M kubwa uitazame: mawimbi bado yapo. (Neno letu maji nalo kuanza na m ni sadfa ya kweli. Hiyo moja nakuachia.) Maandishi mengine ya aina hii, yaliyoonekana Wadi el-Hol katika jangwa la magharibi ya mto Nile, yanaturudisha nyuma hadi karibu 1900 au 1800 KK. Wengine wanasema lazima wabunifu walikuwa waandishi waliosoma. Mimi naegemea upande wa wanaosema walikuwa watu wa kazi, ambao ugumu wa maandishi ya mabwana wao haukuwafunga kwa sababu hawakuwahi kufundishwa kuuheshimu.

Mwambie mwanao aandike A kubwa, kisha aigeuze karatasi juu chini. Aone kichwa cha ng'ombe: pembe mbili zinatazama juu, pua iko chini. Ile herufi iliitwa alp, ng'ombe dume, ndiyo alifu ya babu na ndiyo alpha ya Wagiriki. Ya pili, bet, ni nyumba, neno lile lile la Kiarabu bayt ambalo Kiswahili kilikopa kwa ajili ya nyumba ya mshairi, yaani ubeti. Kwa hiyo anayesema "alfabeti" anasema ng'ombe na nyumba. O ni jicho, aini, duara ambalo mboni yake imefutika. R ni kichwa, resh, na sisi tunayo katika rasi, ncha ya nchi iliyoingia baharini kama kichwa. N iliitwa nun, samaki, na hapo babu atakukumbusha mwenyewe kwamba Nabii Yunus anaitwa Dhun-Nun katika Kurani, yule wa samaki.

Basi, Wafoinike. Wenyewe hawakujiita hivyo. Ungemkuta mmoja bandarini ukamuuliza kwao, angekutajia mji: mimi wa Tiro, mimi wa Sidoni, mimi wa Gebali, mimi wa Arwadi. Mtu wa pwani yetu hahitaji kuelezwa zaidi, maana kwetu pia mtu alikuwa Mmvita, Mpate au Mtumbatu kabla ya kuwa Mswahili. Miji yao bado ina watu: Tiro ni Sur, Sidoni ni Saida, Gebali ni Jubayl, zote Lebanoni, na Arwadi ni kisiwa cha Syria. "Wafoinike" ni jina la Wagiriki, nalo linahusishwa na wekundu wa zambarau, rangi waliyoiuza. Walikamua rangi hiyo kutoka kwa konokono wa baharini. Mwaka 1909 mkemia Paul Friedländer alijaribu kazi hiyo mwenyewe, na konokono 12,000 wakampa gramu 1.4 tu ya rangi safi. Ndiyo maana ikawa rangi ya wafalme.

Nyuma ya miji hiyo kulikuwa na milima ya mierezi, mbele bahari, na ardhi ya kulima haikuwatosha. Wakawa mabaharia na wachuuzi. Hati ya Kimisri ya karne ya 11 KK inaeleza jinsi mjumbe wa Misri, Wenamun, alivyokwenda Gebali kutafuta magogo ya mierezi na mfalme wa huko akamkatalia mpaka alipe. Katika malipo yaliyoletwa yalikuwamo mafunjo 500 ya kuandikia. Wafanyabiashara wanaonunua karatasi kwa mamia wana mengi ya kuandika! Gebali hiyo ndiyo Wagiriki waliyoiita Byblos, na kwa jina hilo hilo waliita mafunjo, kitabu wakakiita biblion, nasi tuna Biblia. Mjini humo mwaka 1923 lilipatikana jeneza la jiwe la mfalme Ahiramu, la karibu 1000 KK, na ukingoni mwa kifuniko chake umepita mstari wa herufi za Kifoinike zilizokwisha kukomaa: laana kwa atakayelifungua, fimbo yake ya enzi ivunjike na kiti chake kipinduliwe. Liko katika jumba la makumbusho la taifa, Beirut.

Kutoka pwani hiyo walikwenda Kition huko Kipro, Nora ya Sardinia, Motya ya Sisili, Gadiri ambayo leo ni Cádiz ya Hispania, na pwani ya Tunisia. Kwa desturi mwaka wa kuanzishwa Karthago unatajwa kuwa 814 KK. Jina lenyewe ni Qart Hadasht, Mji Mpya, na hadasht hiyo ni mzizi mmoja na neno la Kiarabu la kitu kipya, kilichotukia, ambalo kwetu limekuwa hadithi. Kuna wanaoniuliza kila mara kama walifika hata huku. Herodoto, mwanahistoria wa Kigiriki, anasimulia kwamba Farao Neko wa Pili, aliyetawala 610 hadi 595 KK, aliwatuma Wafoinike kutoka Bahari ya Shamu wazunguke Afrika yote. Wakatumia zaidi ya miaka miwili, wakishuka kila mwaka kulima na kuvuna, na wakarudi wakisema kwamba walipokuwa wakizunguka jua lilikuwa mkono wao wa kulia. Herodoto hakuamini hilo la jua. Lakini anayesafiri kwenda magharibi chini ya kusini ya Afrika atalikuta jua la adhuhuri upande wa kaskazini, kuliani kwake, kwa hiyo kile kilichomfanya asisadiki ndicho kinachotufanya sisi tusikilize. Hata hivyo, pwani yetu haijatoa kitu kilichothibitishwa kuwa cha Wafoinike, nami sitaki umfundishe mtoto zaidi ya hapo.

Herufi zilisafiri na hesabu za shehena. Mnamo 800 KK hivi Wagiriki walizipokea, na hawakuficha: waliziita phoinikeia, vitu vya Kifoinike, na Herodoto ameandika hivyo waziwazi. Majina wakayaacha vilevile ingawa alpha na beta hayana maana yoyote kwa Kigiriki. Huo ni ushahidi wenyewe, kama vile neno alifu kwetu lisivyo na ng'ombe ndani yake. Tatizo lao lilikuwa irabu. Herufi zote ishirini na mbili ni konsonanti. Mfoinike aliandika k-t-b na msomaji akajazia mwenyewe. Kigiriki hakivumilii hilo, maneno yake yamejaa irabu. Wakati huohuo kulikuwa na herufi za sauti, hasa za kooni, ambazo Mgiriki hakuwa nazo. Wakazigeuza kazi: alifu ikawa a, hee ikawa e, yee ikawa i, aini ikawa o. Mwanzoni waliandika kwenda na kurudi, mstari huu kulia kwenda kushoto, unaofuata kushoto kwenda kulia, kama ng'ombe wa plau anavyogeuka mwisho wa shamba. Baadaye wakatulia na kushoto kwenda kulia. Kupishana kwa mwendo, dada yangu, ambako wewe ulikuona kuwa ushahidi wa kutohusiana, ni uamuzi uliofanywa njiani. Wagiriki waliwapa Waetruski, Waetruski wakawapa Warumi, na Warumi wakampa mwalimu wa darasa la kwanza.

Tawi la pili lilibaki nyumbani. Waaramu wa Syria walichukua herufi hizo hizo, na Waajemi walipotawala walizitumia katika ofisi za dola yao nzima. Wanabatea, waliochonga mji wa Petra kwenye mwamba, wakaziandika kwa mkono wa haraka unaounganisha herufi. Kaburini Namara, kusini mwa Syria, yalipatikana maandishi ya mwaka 328 BK ya mfalme Imru' al-Qays: lugha ni Kiarabu, herufi ni za Kinabatea. Kwa kuungana na kukimbia, maumbo yalifanana mno hata bee na tee zikawa kitu kimoja, na nukta zikaletwa kuziokoa. Lipo na tawi la tatu, la Yemeni, lililokwenda Ethiopia na kuzaa maandishi ya Kigeezi. Hilo lilichukua mpangilio mwingine unaoanza na h na l, nao pia ni wa kale sana.

Na sasa tazama matawi mawili yalivyokutana tena juu ya ulimi wetu. Kiswahili kiliandikwa kwanza kwa herufi za Kiarabu. Tunao utenzi wa Pate ulioandikwa 1728. Waandishi wa Pate, Lamu na Mvita walikutana na shida ile ile ya Wagiriki. Lugha yetu ina irabu tano na Kiarabu kina alama tatu. Tuna p, v, ch, mb, ng'. Katika hati za zamani bee moja ilibeba b, p na mb, na msomaji alitegemea maana na mizani ya ubeti ajue kama ni mbuzi au ni kitu kingine. Baadaye walimu wa Mombasa walibuni alama za kuzitenganisha, kazi ambayo haijapewa heshima inayostahili. Mwaka 1844 mmisionari Krapf alifika Mombasa, na katika karne hiyo wamisionari wakaanza kuandika Kiswahili kwa Kilatini. Herufi zilizoachana mikononi mwa wachuuzi wa Kifoinike miaka 2,600 nyuma zikawa zinaandika maneno ya mtu mmoja. Katika nyumba yako zinakutana kila siku, asubuhi na alasiri.

Umeuliza kuhusu vitabu. Vilikuwapo. Wafoinike waliandika kwenye mafunjo, na mafunjo hudumu penye ukavu wa Misri. Kwenye pwani yenye mvua na chumvi huoza. Tiro ilizingirwa na Aleksanda Mkuu miezi saba mwaka 332 KK. Ilikuwa kisiwa, akajenga njia ya mawe baharini mpaka akaifikia, na njia hiyo ilikusanya mchanga hadi leo Sur si kisiwa tena. Karthago ilibomolewa na Roma mwaka 146 KK. Plinio, mwandishi wa Kirumi, anaeleza kwamba maktaba zake waligawiwa wafalme wadogo wa Afrika, isipokuwa kazi moja: vitabu 28 vya Mago kuhusu kilimo. Vitabu hivyo Seneti iliamuru vifasiriwe kwa Kilatini. Na hivyo pia vimepotea, tumebaki na vipande vilivyonukuliwa na wengine. Ndiyo sababu karibu yote unayosoma kuhusu Wafoinike, kwamba ni wajanja, wachoyo, wakatili, yametoka kwa Wagiriki waliogombania nao soko na Warumi waliopigana nao. Nisomapo habari zao huwa najikumbusha ni nani anayezungumza.

Watu wenyewe hawakwenda popote. Lugha yao ilisemwa Afrika ya Kaskazini kwa zaidi ya miaka 500 baada ya Karthago kuanguka. Mnamo 400 BK Augustino, askofu wa Hippo katika Algeria ya leo, aliandika kwamba wakulima wa kwao wakiulizwa ni watu gani, hujibu kwa lugha yao: Chanani. Wakanaani.

Kilichobaki kwa mikono yao wenyewe ni mawe. Kwa karne nyingi hakuna aliyeweza kuyasoma, mpaka mwaka 1758 Jean-Jacques Barthélemy alipotumia nguzo za Malta zenye maneno ya Kifoinike na Kigiriki kwa pamoja. Maelfu ya mawe hayo yametoka Karthago, mahali patakatifu pa miungu yao Tanit na Baal Hammon, na mengi yanasema jambo moja: fulani mwana wa fulani aliweka nadhiri. Yanamalizikia kwa maneno machache, konsonanti tupu: k shm' ql' brk'. Kwa kuwa alisikia sauti yake, akambariki. Mwandikie mtoto maneno hayo kwenye karatasi ile ile, chini ya safu zenu mbili, na umwache ayatazame na babu yake. Katika shm' atakuta sami'a anayoisema kila anapoinuka kutoka kwenye rukuu. Katika ql atakuta kauli. Brk hatahitaji kuambiwa, maana baraka anaijua.